Mtaalamu anayeanza na nguvu zako na yule anayeanza na tatizo lako: ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Anayetafuta mtaalamu wa tiba ya kisaikolojia kwa mara ya kwanza hujikuta akisoma wasifu wa watu asiowajua, tena akiwa katika hali ambayo hata kuamua avae nini asubuhi ni kazi nzito. Wasifu mmoja unasema kwamba mwenyewe anatibu sonona, wasiwasi na kiwewe kwa mbinu zilizothibitishwa na utafiti. Wa pili unasema kwamba mwenyewe anaamini kila mteja anakuja na nguvu zake, na kwamba kazi yake ni kumsaidia azione na kuzitumia. Wote wawili wamesoma na wote wana leseni. Msomaji anabaki na swali ambalo maelezo hayo hayalijibu: nikiingia kwa huyu badala ya yule, saa yangu moja itapitaje?

Nimefanya kazi ya unasihi kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mteja. Mtaalamu wangu wa kwanza alinijazisha fomu moja baada ya nyingine bila kuinua uso, nami nikatoka nikijua jina la ugonjwa wangu lakini sijui kama kuna mtu aliyenisikia. Wa pili alinisifu saa nzima, nikatoka nikiwa na maumivu yale yale na aibu mpya juu yake, kwa sababu mtu mwenye nguvu nyingi kiasi hicho alipaswa kuwa ameshapona. Nimeyataja yote mawili makusudi, kwa sababu kila mkabala unaweza kufanywa vibaya, na ulinganisho wa haki ni ule unaoupima kila mmoja ukiwa umefanywa vizuri.

Mikabala hii ilikotoka

Mkabala wa nguvu, kwa namna unavyofahamika leo, ulikulia zaidi katika taaluma ya ustawi wa jamii. Mwaka 1982, walimu wa ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, akiwemo Charles Rapp, walianza kujaribu namna mpya ya kuwahudumia watu wenye maradhi makali ya akili waliokuwa wakiishi nje ya hospitali. Mafaili ya watu kama hao kwa kawaida yalijaa mambo wasiyoyaweza: hawezi kukaa kazini, hafuati maagizo ya dawa, hana ushirikiano. Timu ile ikageuza maswali. Unataka maisha ya namna gani? Nani yuko upande wako? Ni lini ulifanikiwa, hata kwa muda mfupi? Mwaka 1989 Ann Weick, Rapp na wenzao waliuandika mtazamo huo kama nadharia, na mwenzao Dennis Saleebey akauendeleza katika miaka iliyofuata.

Nje ya chuo hicho kulikuwa na wengine waliokuwa wakielekea huko huko. Steve de Shazer na Insoo Kim Berg, walioanzisha kituo chao cha tiba ya familia huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1978, waliacha kuchimba chanzo cha tatizo na badala yake wakawa wanauliza juu ya siku ambazo tatizo halikutokea. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walimsaidia mteja kulitenga tatizo na nafsi yake, ili aliangalie kama kitu kinachomsumbua badala ya kuliona kuwa ndiye yeye. Martin Seligman, alipokuwa rais wa Chama cha Saikolojia cha Marekani mwaka 1998, aliwataka wanasaikolojia wachunguze pia yale yanayofanya maisha yawe na thamani, na mwaka 2004 yeye na Christopher Peterson walitoa uainishaji wa nguvu 24 za tabia, kuanzia ushujaa na udadisi hadi shukrani na uvumilivu.

Mkabala unaoanza na tatizo nao una heshima yake, na wanaoudharau mara nyingi hawajakaa na mtu aliyeteseka miaka kumi bila kujua anaumwa nini. Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa amefunzwa uchanganuzi nafsi, yaani tiba inayochimba yaliyofichika akilini, aligundua katika miaka ya 1960 huko Philadelphia kwamba wagonjwa wake wa sonona walikuwa na mkondo wa fikra za haraka za kujilaumu ambazo hata wenyewe hawakuzitilia maanani, na kutokana na ugunduzi huo ikazaliwa tiba ya fikra na tabia, inayomsaidia mtu kuzitambua fikra hizo na kubadili anayoyafanya. Mwaka 1980 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani walichapisha toleo la tatu la mwongozo wao wa uainishaji, ambamo kila ugonjwa ulipewa orodha ya dalili zake, na humo kwa mara ya kwanza kiwewe cha baada ya tukio la kutisha kikaingizwa kama ugonjwa unaojitegemea, kwa sehemu kubwa kutokana na madai ya askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Kwa askari aliyeambiwa kwamba yeye ni mwoga au mlevi tu, jina lile lilikuwa ni kutendewa haki.

Saa moja, mteja mmoja, wataalamu wawili

Tuchukue mtu aliyepoteza kazi miezi mitano iliyopita. Analala saa tatu kwa usiku, ameacha kupokea simu za ndugu zake, na anasema hana hamu ya chochote. Tumpeleke kwa wote wawili.

Mtaalamu anayeanza na tatizo atauliza lilianza lini, anakula vipi, anakunywa pombe kiasi gani, kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuumwa hivyo, na kama amewahi kufikiria kujiua. Huenda akampa dodoso la maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, ambalo kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 27. Mteja akipata 17 leo na 9 baada ya miezi miwili, wote wawili wana kitu cha kukiangalia. Kabla ya saa kwisha atamweleza anavyoiona hali yake, ataipa jina, na atampangia kazi: kuandika fikra zinazomjia anapozidiwa, na kurudisha shughuli mojamoja katika siku zake hata kama hamu haijarudi. Tiba ya namna hii kwa sonona mara nyingi huchukua vikao kati ya 12 na 20. Uzuri wake ni kwamba mteja anajua anakwenda wapi na kwa njia gani.

Mtaalamu wa mkabala wa nguvu atasikiliza kisa kile kile, naye pia hana budi kuuliza juu ya kujiua, lakini masikio yake yatasimama mahali pengine. Mteja atasema, kama jambo la kupita tu, kwamba wiki nzima hakulala isipokuwa Jumanne. Wa kwanza pengine angeandika idadi ya saa na kuendelea, lakini huyu atauliza, "Jumanne ilikuwaje?" Baadaye atamwomba ajipime kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa ni hali mbaya kabisa na kumi ikiwa ni maisha anayoyataka. Mteja atasema tatu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Kwa nini tatu, na si moja?"

Hapo ndipo ukimya huwa mrefu. Mteja alijiandaa kueleza kwa nini yuko chini kiasi kile, na sasa anatakiwa aeleze kwa nini hajawa chini zaidi. Jibu likija, huwa dogo na la kweli: "Kwa sababu asubuhi bado naamka kuwaandaa watoto." Mtaalamu ataliandika jibu hilo. Kisha atauliza anafanyaje kuamka wakati mwili wote unakataa, anajiambia nini, nani anayejua kwamba anafanya hivyo, na nne ingeonekanaje. Mteja atatoka na kazi pia, lakini kazi hiyo imetokana na jambo ambalo tayari analifanya, na kwa sababu hiyo ni vigumu kwake kusema haliwezekani.

Nguvu si sifa

Tofauti iliyonichukua muda mrefu kuielewa ni hii kati ya kuonyesha nguvu na kusifu. "Wewe ni jasiri" ni maoni ya mtaalamu, na mteja mwenye sonona atayakataa kimoyomoyo kabla sentensi haijaisha. "Umesema ulimpigia dada yako simu ukiwa unatetemeka, ukamwambia ukweli, uliwezaje?" ni ushahidi uliotoka kinywani mwake mwenyewe, na hawezi kuukana. Mtaalamu anayemimina sifa bila kuuliza maswali hafanyi kazi ya mkabala huu hata kama ameuandika kwenye wasifu wake kwa herufi kubwa.

Kuna hatari nyingine nzito zaidi. Mtu anayepigwa nyumbani akiambiwa kwamba uvumilivu wake ni nguvu kubwa, anaweza kuvumilia mwaka mwingine. Mtu anayelipwa ujira mdogo na kufanyishwa kazi usiku na mchana akifundishwa kushukuru, tatizo la mwajiri limegeuzwa kuwa somo la mfanyakazi. Waanzilishi wa mkabala huu hawakukusudia hivyo. Kwao, nguvu za mteja zilikuwa pamoja na majirani, jamaa, haki zake kisheria na huduma zilizopo katika jamii yake. Mtaalamu aliyeuelewa vizuri atauliza ni nguvu gani itakayomsaidia mtu huyo kuondoka salama, na ataliita dhuluma jambo ambalo ni dhuluma.

Pale tatizo linapopaswa kutangulia

Kwa baadhi ya maradhi sina mashaka juu ya ushauri wangu. Mtu anayenawa mikono mpaka ngozi inapasuka, au anayerudi mlangoni mara ishirini kuhakikisha umefungwa, anahitaji tiba ambayo misingi yake iliwekwa na mwanasaikolojia Victor Meyer huko London mwaka 1966: kukabiliana hatua kwa hatua na kile anachokihofia huku akijizuia asifanye tendo la kujituliza, mpaka hofu ishuke yenyewe. Mazungumzo juu ya nguvu zake yanaweza kumpa moyo wa kuifanya kazi hiyo ngumu, lakini hayawezi kuchukua nafasi yake, na mtaalamu asiyeijua tiba hiyo anapaswa kumpeleka kwa anayeijua. Vivyo hivyo kwa hofu ya ghafla inayomfanya mtu adhani moyo unasimama, na kwa kiwewe kinachorudi kila usiku kama ndoto. Kuna tiba mahususi zilizochunguzwa kwa miaka mingi, na mgonjwa ana haki ya kuzipata.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayepita kutoka majuma ya kutolala na kutumia fedha ovyo kwenda katika miezi ya kutoinuka kitandani, aanze kwa daktari wa magonjwa ya akili. Dawa kwa watu hao mara nyingi ndiyo inayowezesha mazungumzo yawe na maana. Ni jambo la kukumbukwa, hata hivyo, kwamba mkabala wa nguvu ulijengwa kwa kuwahudumia watu kama hao hao. Baada ya dawa kushika, swali la maisha gani mtu anataka kuishi bado linabaki, na hapo mtaalamu wa nguvu ana mengi ya kutoa.

Na kama mtu anafikiria kujiua leo, ulinganisho huu usubiri. Apige simu ya dharura au aende hospitali iliyo karibu, akiwa na mtu wa kumsindikiza ikiwezekana.

Upande wa pili, ningempeleka kwanza kwa mtaalamu wa nguvu yule aliyechoshwa na majina ya magonjwa. Wapo watu ambao wamekuwa wagonjwa kwa muda mrefu kiasi kwamba ukiwauliza wao ni nani wanakutajia utambuzi wao wa kitabibu. Ningempeleka huko pia kijana aliyeletwa na wazazi kwa kulazimishwa, kwa sababu kijana huyo ameshasikia orodha ya makosa yake nyumbani na shuleni, na mtu mzima wa tatu anayeianza upya hatafunguliwa mlango. Aliyefiwa, anayestaafu, aliyeachana na mwenzi wake, wote hao wana maumivu ambayo si ugonjwa, na wanahitaji zaidi mtu wa kuwasaidia kukumbuka walivyovuka mito mingine.

Alikotoka mtaalamu mwenyewe

Mafunzo ya mtu huamua ni swali gani linamjia kwanza, hata akijitahidi kuwa na mikabala mingi. Daktari wa magonjwa ya akili alianza kwa udaktari, anaandika dawa, na atafikiria tezi, usingizi na dawa nyingine unazotumia. Mwanasaikolojia tiba amefunzwa kupima na kutofautisha hali zinazofanana. Aliyetoka katika ustawi wa jamii atauliza mapema unaishi na nani, kodi inalipwaje, na nani anakutunza unapougua. Ndiyo maana mkabala wa nguvu unakaa vizuri mikononi mwake. Mnasihi mara nyingi amefunzwa katika njia ya mwanasaikolojia Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 alitaja masharti ya uhusiano unaomponya mtu, yakiwemo ukweli wa mtaalamu, kumpokea mteja bila masharti, na kumwelewa kwa undani kama anavyojielewa mwenyewe.

Wataalamu wengi huingia kazini humu wakiwa wamepitia maisha mengine: ualimu, uuguzi, uchungaji, malezi ya mtoto mgonjwa. Wateja huvutiwa na mtaalamu aliyewahi kupitia yale yanayowasumbua wao, na ninaelewa kwa nini. Hata hivyo, kufanana kwa majeraha hakutoshi. Mtu anaweza kuwa amepona kwa njia yake na akataka kila mteja apite humo humo. Cha kuuliza ni kama anasimamiwa kitaaluma na mwenzake mwenye uzoefu anayejadiliana naye kuhusu kazi yake, na kama mafunzo yake katika mkabala anaoutaja yalikuwa ya miezi au miaka yenye mazoezi yaliyosimamiwa, au semina ya siku mbili.

Simu ya kwanza

Wataalamu wengi hukubali mazungumzo mafupi kabla ya kikao. Tumia dakika hizo kuuliza maswali yatakayokuonyesha mtu anavyofanya kazi. Mimi ningeuliza, "Nikija na tatizo hili, kikao cha kwanza kitakwendaje?" Mwenye uzoefu atakueleza kwa maneno ya kawaida, na asiyejua atakupa majina ya nadharia. Ukiongea na anayejiita mtaalamu wa nguvu, muulize anafanya nini mteja anapotaka kulia tu au kueleza ubaya uliomtokea. Akikuambia kwamba hupenda kuelekeza mazungumzo kwenye mambo chanya, shukuru na utafute mwingine. Akikuambia kwamba hukaa hapo na mteja kadiri inavyohitajika, kwa sababu hakuna nguvu inayoonekana kabla maumivu hayajaheshimiwa, umempata anayejua kazi. Na ukiongea na mtaalamu wa tatizo, muulize atajuaje kwamba unapata nafuu, zaidi ya kupungua kwa dalili. Anayeweza kukujibu kwa kutaja maisha yako anakuona ukiwa mzima.

Usishangae ukikuta kwamba mtaalamu mzuri unayempata anachanganya vyote viwili. Christine Padesky na Kathleen Mooney, waliokulia katika tiba ya fikra na tabia, walieleza mwaka 2012 namna ya kuifanya tiba hiyo ianze na nguvu: mteja anatafuta eneo la maisha ambalo tayari anafanya vizuri, hata kama ni bustani au mchezo, anachunguza anavyoshinda vikwazo humo, kisha anaupeleka ujuzi huo kwenye tatizo. Mtu asiyekata tamaa na mche uliokauka mara tatu ana jambo la kujifunza kutoka kwake mwenyewe juu ya kuomba kazi mara ya nne.

Baada ya vikao vitatu au vinne

Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano kati ya mteja na mtaalamu una sehemu tatu: kukubaliana kuhusu lengo, kukubaliana kuhusu kazi za kufika huko, na kuwepo kwa kifungo cha kuaminiana. Utafiti mwingi uliofuata umeonyesha kwamba ubora wa ushirikiano huo unaendana na matokeo katika tiba za aina nyingi. Kwa hiyo, ukifika kikao cha tatu au cha nne, jipime kwa mambo hayo matatu kabla hujaulaumu au kuusifu mkabala wenyewe. Je, mkiulizwa kila mmoja peke yake mnatafuta nini, mtasema jambo moja? Je, unaona maana ya unachofanyishwa? Je, kuna jambo ambalo hujamwambia kwa kuhofia atakuonaje?

Jibu la swali la mwisho likiwa ndiyo, anza kikao kijacho kwa kumwambia hivyo hivyo: "Kuna jambo sijakwambia, na nimekuwa nikihofia utanionaje." Ukiwa na mtaalamu wa nguvu, huenda jambo hilo ni kwamba hujisikii mwenye nguvu hata kidogo na umechoka kujifanya. Ukiwa na mtaalamu wa tatizo, huenda ni kwamba jina la ugonjwa limekutisha na hujui limebakiza nini cha kwako. Mwangalie anavyolipokea. Akijitetea, au akalirudisha kwako kama dalili nyingine, una sababu ya kutosha ya kumwomba akuelekeze kwa mwenzake. Akiacha kuandika, akakaa kimya kidogo na kukuuliza umelibeba jambo hilo peke yako tangu lini, rudi wiki ijayo.